Mapafu hayanenepi



Majuzi nilikuwa ndani ya basi kutoka Handeni kwenda Korogwe. Mbele yangu walikaa mzee mmoja mwembamba na mama mmoja mnene aliyekuwa akienda kliniki ya kisukari. Mzee akamwambia, "Mwanangu, kwa mwili huo ukishikwa na nimonia huponi." Mama akajibu, "Na wewe baba, ukishikwa utaishi kwa akiba gani?" Basi zima likacheka. Nami nilicheka, lakini nilishuka Korogwe nikijiuliza: nani alisema kweli?

Kuna hali ambapo mapafu hujaa majimaji ghafla, hewa ya oksijeni ikashindwa kuingia katika damu. Huletwa na nimonia, malaria kali, vijidudu kuenea katika damu, au ajali. Uchunguzi wa hospitali moja ya Kigali, uliotolewa mwaka 2016, ulipima wagonjwa 1,046. Waliokuwa na hali hiyo walikuwa 42, na nusu yao walikufa.

Sasa turudi kwenye basi letu. Wanene hupatwa na hali hii zaidi. Hapo mzee amepata. Lakini wakishapatwa, chunguzi nyingi hazikuona kwamba hufa zaidi ya wenye uzito wa kawaida. Waliokonda mno ndio hufa zaidi. Hapo mama naye amepata. Hata kisukari, katika chunguzi kadhaa, hakikuongeza vifo vya wagonjwa hawa. Ila mama asishangilie mapema. Uviko ulipoingia mwaka 2020, unene na kisukari viliwapeleka wengi kaburini, duniani kote.

Kwa hiyo mizani peke yake haitoi hukumu. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 861 waliopumuliwa kwa mashine. Waliopewa pumzi ndogo, zilizokadiriwa kwa urefu wa mtu na si kwa kilo zake, walikufa 31 katika kila mia; waliopewa pumzi kubwa walikufa 40. Sababu ni nyepesi: tumbo hunenepa, mapafu hayanenepi.

Ninachokiogopa mimi ni hukumu tunazotoa nyumbani. Mnene akihema tunasema, "Huyu ndiyo basi tena." Mwembamba akihema tunasema, "Huyu mwepesi, atapona mwenyewe." Wote wawili tunawachelewesha, mmoja kwa kukata tamaa, mwingine kwa matumaini ya bure.

Mtu akihema mbiombio, akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, awe mnene au mwembamba. Kama ana kisukari, mwambieni mganga mapema, maana sukari nayo itahitaji kuangaliwa. Na yule mama aendelee na kliniki yake. Mzee naye, akipita Korogwe, ale ashibe.