Begi Likae Nyongani

Leo tunajiandaa kwa njia ya milima ya Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae kwa miguu, safari ya siku tatu au nne kwa wengi. Tuseme huna mpagazi: nguo, maji na blanketi vyote viko mgongoni mwako. Ukilala vijijini bila hema, begi la lita 40 hadi 50 linatosha. La lita 70 litakushawishi ulijaze, nawe utalijaza.

Wanunuzi wengi hutazama rangi na wingi wa mifuko. Wewe anza na mgongo wako. Inamisha kichwa, upapase shingo kwa nyuma: kuna mfupa uliochomoza kuliko mingine. Kisha shika nyonga, vidole gumba vielekee nyuma. Mwenzio apime kwa futikamba kutoka mfupa ule wa shingo hadi usawa wa vidole gumba. Begi huchaguliwa kwa kipimo hicho, si kwa kimo. Mtu mrefu, kama urefu wake uko miguuni, huenda mgongo wake ukawa mfupi kuliko wa jirani yake.

Kisha mkanda wa kiunoni. Huo ndio unaobeba, mabega yanasaidia tu begi lisiyumbe. Uwe mpana, wenye sponji, na ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Unapovaa, legeza mikanda yote, funga kiuno kwanza, ndipo ukaze ya mabegani.

Ukienda mitumbani, kama soko la Memorial pale Moshi, usijaribu begi tupu. Tupu halimuumizi mtu. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo chupa kumi za lita moja ni mzigo wa kilo kumi. Zitie, utembee sokoni robo saa. Bonyeza sponji: isipoinuka, liache. Muuzaji atakuambia utalizoea. Mwambie alizoee yeye.

Wakati wa kupanga, blanketi chini, vizito katikati, karibu na mgongo. Nguo kavu zifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwani kifuniko cha begi hakizuii maji yanayoteremka mgongoni. Koti la mvua liwe juu kabisa. Ukipita msitu wa Magamba, mvua ikikukuta, hutataka kumwaga begi lote njiani kutafuta koti.