Figo ya ndugu na nauli ya basi
(Maneno kwa kamati za parokia, Ngara na Biharamulo)



Zamani Mtanzania aliyehitaji kupandikizwa figo alipelekwa India. Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Tunashukuru. Lakini figo hizo zimetoka kwa ndugu walio hai, hivyo nani apate huamuliwa nyumbani kwetu, na mara nyingi huamuliwa na nauli. Mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Anayetoka Ngara kwenda Bugando itambidi apange chumba Mwanza. Fedha huisha kabla ndugu hajapimwa.

Linalonisumbua zaidi ni kikao cha ukoo. Ni rahisi macho yote kumgeukia binti asiye na kazi. Ana haki ya kukataa, na daktari amsikilize akiwa peke yake. Akikubali, atabaki na figo moja na atahitaji kupimwa maisha yake yote. Basi tunapomchangia mgonjwa, tumchangie na yeye: nauli, chakula, na zile wiki ambazo hatashika jembe.