Bredauni Inapokunywa Dizeli: Tupime Kabla ya Kulaumiana

(Mazungumzo na kikundi cha vijana wenye gari la kuvuta magari, Mackinnon Road)



Tumeitwa hapa kwa sababu ya gari, lakini tukisema kweli shida si gari peke yake. Bredauni mliyoinunua kwa michango na mkopo inakunywa dizeli kuliko zamani. Ikivuta lori kutoka Samburu kuja huku juu, inahema tu. Pesa za mkopo zinaishia kwenye tangi. Na sasa maneno yameanza kuwa dereva anauza mafuta njiani, afukuzwe.

Hebu tutulie kidogo. Mtu akiiba dizeli, mafuta yatapungua, lakini nguvu ya gari haipungui. Gari lenu limepungukiwa na vyote viwili. Basi kuna ugonjwa ndani yake, na tuutafute kwanza.

Kwanza, tupime. Jazeni tangi mpaka juu, mwandike kilomita. Gari liende tupu hadi Mariakani na kurudi. Kwenda ni kuteremka na kurudi ni kupanda, kwa hiyo hesabu itakuwa ya haki. Mkirudi jazeni tena pale pale. Kwa mfano, mkitembea kilomita 120 na tangi likachukua lita 40, ni kilomita 3 kwa lita. Na msisahau: bredauni inakula dizeli hata ikisimama, kwa sababu winchi inazungushwa na injini. Andikeni pia saa za kazi ya winchi.

Pili, tuanze na mambo ya bure. Upepo wa tairi ukoje? Baada ya mwendo, magurudumu yote yana joto sawa? Sogezeni mkono karibu, msishike. Moja likiwa la moto kuliko mengine, huenda breki yake imeshika, na injini inavuta breki mchana kutwa. Kisha, injini ikiwa imezimwa, mmoja akanyage pedali ya mafuta hadi chini na mwingine aangalie kwenye pampu kama mkono unafika mwisho. Tena, injini ikipiga kelele kupanda na mwendo haupandi, klachi inateleza.

Tatu, tuangalie moshi. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya injini ni moshi.

- Moshi mweusi: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Kwa vumbi letu la Taru, filta ya hewa ndiyo ya kufunguliwa mwanzo. Ikichanika, nunueni nyingine. Angalieni pia mpira wa hewa unaotoka kwenye tabo, kama umepasuka. Hivyo vikiwa sawa, nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima.
- Moshi wa buluu: injini inaunguza oili. Huenda ringi za pistoni au tabo zimechoka.
- Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto: dizeli haiungui vizuri, au maji yanaingia ndani. Angalieni kama maji ya rediata yanapungua. Msifungue kifuniko injini ikiwa ya moto!
- Hakuna moshi, na nguvu hakuna: huenda dizeli haifiki. Filta ya dizeli imeziba, au paipu inavuta hewa mahali fulani.

Nne, dizeli yenyewe. Ile ya bei nafuu ya mtungi wa barabarani mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi pampu kama dizeli, na pampu ikisagika gharama yake mnaijua. Mchezo huu ulienea hata Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Nunueni kwenye kituo kimoja mnachokiamini, na risiti mwekeni.

Mtaona tumeanza na visivyo na gharama, tukaenda kwenye vya bei. Fundi akiwaambia siku ya kwanza, "Badilisheni injini," muulizeni kwa heshima: umepima nini? Kuuliza si ujinga.

Sasa turudi kwa dereva. Tunapendekeza muwe na daftari moja ndani ya gari: tarehe, kilomita, lita, saa za winchi, na mzigo uliovutwa. Dereva atie sahihi, na mweka hazina atie sahihi. Gari likishatengenezwa na nguvu ikarudi, na bado lita hazilingani na kazi, hapo mna haki ya kumwita na kumwuliza, daftari likiwa wazi mezani. Lakini kumfukuza mtu mwenye watoto kwa sababu filta imeziba ni dhuluma, na mkopo utabaki pale pale.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni nani atakayesimamia kipimo cha kwanza, na lini?
2. Je, dereva amepewa nafasi ya kueleza anavyoliona gari? Yeye ndiye analisikia kila siku.
3. Kila mwezi tutaweka kiasi gani cha matengenezo kabla ya kugawana faida?