SHINIKIZO LA DAMU NA AKILI YA MWANADAMU

Mazungumzo ya afya kwa watumishi wa umma na wananchi



Ubongo ni sehemu ndogo ya mwili, takriban asilimia 2 tu ya uzito wake. Hata hivyo, hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni inayochukuliwa na damu. Kiungo chenye mahitaji makubwa namna hiyo huumia kwa urahisi pale mishipa ya damu inapoharibika.

Watu wengi wanafahamu kwamba shinikizo la damu huleta kiharusi. Kisichofahamika sana ni kwamba huweza kuidhoofisha akili hata kwa mtu ambaye hajapata kiharusi kamwe. Damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, huzifanya kuta za mishipa midogo iliyomo ndani kabisa ya ubongo kuwa nene na ngumu, na njia ya damu ikawa nyembamba. Baadhi ya mishipa huziba, na sehemu ndogo ndogo za ubongo hufa bila ya mwenyewe kuhisi maumivu yoyote.

Dalili huanza kwa siri. Mara nyingi si kumbukumbu inayopungua mwanzo, bali wepesi wa kufikiri. Karani aliyekuwa akijumlisha hesabu kwa mara moja sasa hurudia mara tatu. Mkuu wa kitengo hushindwa kupanga kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwalimu hupoteza mfuatano wa somo lake. Wenziwe husema ni uvivu au uzee, na pengine husema amerogwa.

Yako mazoea ya kuyahesabu maradhi haya kuwa ni ya mjini, ya watu wa kiti na meza. Mkulima wa Narung'ombe, katika Wilaya ya Ruangwa iliyokuwa zamani sehemu ya Nachingwea, ambaye hushinda na jembe katika shamba la ufuta au mikorosho, hudhaniwa kuwa yu salama. Dhana hiyo haina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji cha Shari, Wilaya ya Hai. Katika sehemu zote mbili, kiasi cha watu 3 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu, na kijiji hakikuwa na nafuu yoyote. Miongoni mwa waliokuwa nalo, hawakufika 1 katika kila 5 waliokuwa wakijijua, na wale ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika 1 katika kila 100.

Utafiti mwingine, uliofanywa kati ya 2003 na 2006, ulihesabu watu waliopata kiharusi katika sehemu hizo za Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipatikana kiasi cha wagonjwa 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 316. Huko huko Dar es Salaam, watafiti waliwakuta wengi wanaoamini kuwa kiharusi huletwa na mashetani au uchawi. Imani hiyo humpeleka mgonjwa kwa mganga wakati saa za kumwokoa zinapita.

Jambo hili lina uzito kwa Visiwa hivi pia. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa Pensheni Jamii wazee waliotimiza miaka 70. Ni heri mzee huyo aipokee fedha yake akijua kuihesabu na kuitumia. Akili ya miaka 70 hujengwa au hubomolewa katika miaka ya 40 na 50, wakati mtu bado yumo kazini.

Habari njema ni kwamba madhara haya yanazuilika. Katika majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani kwa watu 9,361 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ambayo matokeo yake kuhusu akili yalitolewa mwaka 2019, wale walioteremshiwa kipimo cha juu chini ya 120 walipata upungufu mdogo wa akili kwa uchache wa asilimia 19 kuliko wale walioachwa chini ya 140.

Kwa hiyo, wananchi wote wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Kila mtu mzima apimwe, hata kama hahisi chochote. Apumzike dakika 5 kabla ya kupimwa. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kirudiwe siku nyingine.

2. Aliyeandikiwa dawa azitumie kila siku. Kujihisi mzima si sababu ya kuziacha, kwani huenda ni dawa hizo zinazomweka mzima.

3. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi.

4. Sigara iachwe, na mwili ufanyishwe mazoezi.

5. Mtu anayepinda uso, kulegea mkono au kukokota maneno kwa ghafla apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kupima huchukua dakika chache. Akili iliyokwisha kupotea haina duka la kununuliwa nyingine.