Msimbo wa Fimwea ya Kibodi: Tudai Nini, Tumdai Nani

Kibodi nyingi za kimakanika zinazouzwa leo zinaendeshwa na QMK, fimwea aliyoianzisha Jack Humbert juu ya msingi wa TMK ya Jun Wako. Fimwea ndiyo programu inayokaa ndani ya chipu ya kibodi na kuamua kila kitufe kitume nini kwenye kompyuta. QMK inatolewa kwa leseni ya GPL, na leseni hiyo inamruhusu muuzaji kuitumia bure, kuibadilisha na kufanya nayo biashara. Anachodaiwa hasa ni hiki: anayepewa programu apewe pia msimbo wake chanzo.

Faida yake ni hii. Kibodi ikichakaa, kitufe huanza kuandika herufi mara mbili kwa mguso mmoja. QMK husubiri milisekunde 5 ili kuchuja mitetemo ya swichi. Ukiongeza ziwe 10, mara nyingi tatizo linaisha. Ni kubadilisha namba moja. Lakini asiye na msimbo hawezi kuigusa, na atashauriwa anunue kibodi nyingine.

Sasa, ukimwandikia muuzaji kuomba msimbo, jibu la kawaida ni faili. Lipokee kwa shukrani, kisha lichunguze. Likiishia na .bin au .hex, umepewa fimwea iliyokwisha kukusanywa kuwa lugha ya mashine, ileile iliyomo tayari ndani ya kibodi. Likiwa ni faili la JSON la kupakia kwenye VIA, programu ya kubadilishia kazi za vitufe, umepewa ramani ya vitufe basi. Huwezi kujenga fimwea kutokana na hayo mawili. Kwa hiyo barua isiombe “fimwea”, kwa sababu fimwea ndiyo utakayotumiwa, na muuzaji atakuwa hajakosea. Iombe msimbo chanzo kamili wa toleo lililomo ndani ya kibodi yako, ukitaja modeli na namba ya toleo, pamoja na skripti za kuukusanya na kuusakinisha. GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, inazitaja skripti hizo waziwazi. Inasema pia kwamba muuzaji asiyeambatanisha msimbo na bidhaa yake lazima atoe ahadi ya maandishi ya kuutoa, idumu walau miaka 3, kwa malipo yasiyozidi gharama ya kuufikisha.

Kisingizio kizito zaidi ni cha bluetuthi. Muuzaji husema sehemu ya redio ni mali ya mtengenezaji wa chipu, hawezi kuitoa. Hapa tusikurupuke. Kama redio iko kwenye chipu yake pekee na inazungumza na QMK kwa waya tu, anaweza kuwa na hoja. Kama imeunganishwa ndani ya fimwea moja na QMK, hoja imekufa: alikubali masharti ya leseni pale alipoisambaza. Mradi wa QMK wenyewe umechoshwa na mchezo huu. Wapo wauzaji walioupelekea mradi msimbo wa upande wa waya pekee ili kibodi yao itambuliwe na VIA, huku wa redio wakiufungia kabatini. Ndiyo maana siku hizi mradi haupokei kibodi ya wauzaji isiyotumia waya kama msimbo wa redio haumo.

Je, akikataa kabisa? Kwa kawaida mwenye haki ya kushtaki ni mwenye hakimiliki, yaani walioandika msimbo. Mwandishi wa programu Harald Welte alishinda hivyo mjini Munich mwaka 2004 dhidi ya kampuni ya Sitecom. Mwaka 2021 shirika la Software Freedom Conservancy liliifungulia kampuni ya Vizio kesi ya GPL huko California likisimama kama mnunuzi wa televisheni, njia ambayo ingempa nguvu mteja wa kawaida. Mimi lakini naona mahakama ni mbali mno kwa kibodi moja. Andika kwa adabu, subiri, andika tena. Kisha wapelekee watu wa QMK ushahidi, kwani wanaweka hadharani orodha ya wauzaji wanaokiuka leseni, na wanunuzi huisoma.

Angalizo kwa wanaopenda kibodi zisizo na waya: ZMK, fimwea nyingine ya kibodi, iko chini ya leseni ya MIT, ambayo haimlazimishi muuzaji kutoa mabadiliko yake. Huko barua ya madai haina meno. Msimbo uulizie kabla ya kulipa.