KUBEBESHA MIKOROSHO NA KUBADILI MIFUMO YA KOMPYUTA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache kuhusu kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni takwimu za afya katika wilaya zetu za Masasi na Newala. Nimechagua jambo moja tu: namna ya kuufanya mfumo wa kompyuta uende mbio bila ya kuuzima.

Kila mwezi zahanati zetu hujumlisha vitabu vya MTUHA: wajawazito wangapi wamehudhuria, watoto wangapi wamechanjwa, wangapi wameugua malaria. Hesabu hizo huingizwa katika mfumo uitwao DHIS2. Mbegu yake ilipandwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ukaendelezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Hapa kwetu Wizara ya Afya ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2013 mfumo ulikuwa umeenea nchi nzima.

Ukurasa ukichelewa kufunguka mjini ni udhia tu. Ukichelewa juu ya uwanda wa Makonde, ambako mtandao huja na kuondoka upendavyo, muuguzi hukodolea kioo huku kina mama wakimngoja kwenye benchi. Na taarifa isiyofika kwa wakati haiwezi kumwonya mtu yeyote kwamba kijiji fulani kimeanza kuugua.

Kwa nini kurasa huchelewa? Programu za kizamani zilijengwa hivi: kila unapobonyeza, ombi huenda hadi kompyuta kuu iliyoko mbali, nayo hutengeneza ukurasa mzima upya na kuurudisha wote, mapambo na tarakimu pamoja. Ni sawa na kumtuma mtoto Masasi mjini akanunue chumvi, naye akarudi na duka zima kichwani. Programu za siku hizi hupeleka kiunzi cha ukurasa mara moja, kikahifadhiwa katika kompyuta ya mtumiaji. Baada ya hapo husafiri tarakimu peke yake.

Kurasa za zamani za DHIS2 zilisimama juu ya kiunzi kiitwacho Struts. Kipya ni React, ambacho kampuni ya Facebook ilikitoa kwa umma mwaka 2013. Mafundi wake hawakubomoa nyumba. Walifungua mlango maalumu wa kutolea takwimu ghalani, ambao ukurasa wowote mpya ungeweza kuubisha. Kisha wakabadili kurasa moja baada ya nyingine, toleo baada ya toleo. Hata ukurasa mpya wa kuingizia takwimu uliwekwa kwanza kando ya ule wa zamani, ili watu waujaribu.

Mwingereza mmoja, Martin Fowler, aliandika mwaka 2004 akiifananisha kazi ya namna hii na mtini aliouona Australia, ambao humea juu ya mti mwingine, ukauzunguka, na mwisho ukaua mti uliobeba. Nadhani sisi tunao mfano unaofaa zaidi. Wataalamu wa Naliendele wametufundisha kubebesha mikorosho mikongwe: unakata shina, unangoja machipukizi, unapandikiza vikonyo bora. Mizizi hubaki ile ile. Wala mkulima mwenye busara hakati shamba zima kwa msimu mmoja. Hukata baadhi ya mistari, akaendelea kuvuna mingine. Katika mfumo wetu mizizi ni ghala la takwimu, na matawi ni kurasa.

Nimewahi kuona ofisi moja, ambayo sitaitaja, ikizima mfumo wake wa zamani siku ya Ijumaa na kuwasha mpya Jumatatu. Jumanne watumishi walirudi kwenye karatasi, na wananchi wakaambiwa waje wiki ijayo.

Lakini, ndugu zangu, njia ya polepole nayo ina gharama zake, na wengi hawazisemi. Wakati viunzi viwili vinaishi pamoja, mtumiaji anaweza kulazimika kupakua vyote viwili. Mafundi nao hutunza nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Kwa hiyo mfumo unaweza kuwa mzito zaidi katikati ya safari kuliko ulivyokuwa mwanzo. Atakayechoka hapo, akaacha kazi nusu, atakuwa amewaongezea watu mzigo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kina ukingo, nasi hatuna budi kuujua tangu siku ya kwanza: ukurasa gani utaondoka lini, na nani atauondoa.

Kwenu wanafunzi mnaopenda ufundi huu, naomba mchukue mambo matatu. Kwanza, pimeni kwa saa kabla ya kubadili chochote, na mpimie Newala kwenye simu ya bei ndogo, si Dodoma kwenye kompyuta ya mkurugenzi. Pili, anzeni na ukurasa unaotumiwa na watu wengi na kuwachelewesha zaidi, hata kama si ule unaowapendeza. Tatu, mkishahakikisha kwamba kipya kinafanya kazi, kifuteni cha zamani. Kukifuta ni sehemu ya kazi, na hakuna atakayewapigia makofi kwa hilo.

Siku moja muuguzi wa zahanati ya ukingoni, kule unakoliona bonde la Ruvuma, atafungua ukurasa, ataingiza hesabu zake, na kurudi kwa wagonjwa wake bila hata kujua kwamba kitu kimebadilika. Hapo ndipo mtakapojua kwamba mmefanya kazi nzuri.