Maoni ya Redio: Duka la Baiskeli la Mlali

Wasikilizaji wetu watukufu, habari ya kufungwa kwa duka la baiskeli hapa Mlali, wilayani Kongwa, mmekwisha kuisikia, na waliopita njia ile juma hili wameliona komeo mlangoni; basi hatuna haja ya kuirudia habari yenyewe, bali twataka kulisema lile linalotutia mashaka. Linalotutia mashaka ni vipuri. Mwenye duka ana haki ya kulifunga duka lake, kwani mtaji ni wake na hasara ni yake. Lakini vipuri, wasikilizaji, vipuri ni jambo la umma.

Uwanda huu wa kati ni nchi ya miiba. Mwenye baiskeli aliyepakia madumu ya maji kwenye keria, ama gunia la mahindi analolipeleka mashineni, akipita penye migunga na mbigiri hana dhamana ya kufika na upepo kamili. Mafundi waliokaa kibarazani pa duka lile waliijua kazi yao: tyubu ikatolewa, ikapigwa pampu, ikazamishwa ndani ya karai la maji hata mapovu yakaonyesha palipotoboka, kisha pakakwaruzwa kwa msasa, pakapakwa solusheni, pakaachwa kidogo pakauke, ndipo kiraka kikabandikwa na kugongwa kwa nyundo ndogo, na mwenye mali, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akingoja, akaondoka kabla jua halijawa kali. Ni kazi ndogo machoni pa asiyemiliki baiskeli. Hata hivyo pasipo tyubu, pasipo solusheni, pasipo spoki na gololi za kununua jirani, fundi hana la kufanya ijapokuwa mikono yake ni hodari, na mkulima hana budi kupanda gari hadi Kibaigwa ama Dodoma kutafuta kitu ambacho nauli ya kukifuata imezidi bei yake.

Wazee wanakumbuka Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, watu walipokusanywa vijijini na mashamba mengi yakabaki kule mahameni, mbali na nyumba mpya. Na tangu zama zile baiskeli katika mkoa wetu haikuwa pambo la mwenye nafasi, bali ilikuwa miguu ya pili ya mkulima. Wako waliopanda Raleigh ya Uingereza, wako waliopanda Phoenix ya China. Na serikali yetu, madhali ilikuwa imeshika siasa ya kujitegemea, ilikuwa na kampuni yake ya umma, NABICO, iliyotoa baiskeli za Swala kule Dar es Salaam, ili Mtanzania apande chombo kilichotoka katika kiwanda cha nchi yake mwenyewe. Leo Swala mpya huipati dukani. Hata Raleigh waliacha kuunda baiskeli Nottingham mwanzoni mwa karne hii, na zinazotufikia sasa aghalabu ni za India na za China. Nchi ilipokosa kiwanda, ilibakiwa na maduka. Kijiji kikikosa duka, kimebakiwa na nini? Vipuri, wasikilizaji. Twarudi pale pale.

Wako watakaosema kwamba zama za baiskeli zimepita, na kwamba pikipiki imekwisha kuchukua mahali pake. Sisi hatuna uadui na pikipiki, na tunajua ni wagonjwa wangapi imewafikisha zahanati usiku wa manane. Lakini pikipiki hudai petroli kila kukicha, na petroli hupanda bei bila ya kujali kama mvua ilinyesha Kongwa au haikunyesha. Ilhali baiskeli, mtu akishainunua, haimdai ila grisi kidogo, na vipuri.

Aidha, liko jambo ambalo hatukulisikia likisemwa juma zima, nalo ni zito hapa kwetu kuliko mahali pengi, kwa kuwa Mlali pana kituo cha kuwahudumia watoto wenye ulemavu. Kiti cha magurudumu nacho kina tairi, kina tyubu, kina gololi. Tena vingi vina spoki. Likichomwa gurudumu la kiti, anayetafutwa ni yule yule fundi baiskeli, na akikosa vipuri yeye, mtoto amekosa mwendo.

Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Juni, tangu mwaka 2018, kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Ni jambo jema. Lakini sisi tulikwisha kusema katika kituo hiki cha redio, na leo twasema tena, kwamba dawa iko karibu zaidi. Sheria inaiamuru kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa nini kila mkopo wa vijana ukitajwa, fikira zetu hukimbilia pikipiki? Kwa nini kisipatikane kikundi kimoja, kimoja tu, cha kuomba fedha za kununua tyubu, minyororo, pedeli na spoki, na kuufungua mlango ule?

Enyi vijana wa Mlali, undeni kikundi! Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii, ulizeni masharti, andikeni maombi, wala msingoje kuitwa! Nanyi waheshimiwa madiwani, maombi hayo yakifika mezani penu, msiyaone madogo kwa sababu ni ya baiskeli. Yasomeni, yaulizieni, yasimamieni hata fedha itoke! Na ninyi mafundi mliokosa kibaraza juma hili, tafuteni kivuli cha mti, fungueni kazi hapo hapo, na spana zenu msiziuze.